Somo la Kaya na Chama: Chai Baridi ya Matunda

Msimu wa korosho unapofika Kibiti, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Wanachama hukusanyika mara nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kupeleka korosho ghalani, kusikiliza bei za mnada na kuhudhuria mikutano. Wakati huohuo matunda huanguka kwa wingi hata yakakosa mlaji. Maembe huoza chini ya miembe, na mabibo, yaliyobeba korosho zenyewe, huachwa shambani yakashambuliwa na nzi. Kisha siku ya mkutano fedha ya wanachama hutolewa kununua soda zilizosafirishwa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, na kwa vyama vya delta soda hizo hupakiwa tena katika mashua pale Nyamisati kabla ya kumfikia mnywaji, zikiwa na moto wa jua.

Somo hili linahusu kinywaji kinachoweza kuchukua nafasi ya soda hizo, yaani chai iliyopozwa na kuchanganywa na maji ya matunda. Ni kweli kwamba mtu wa pwani huiona chai iliyopoa kuwa chai iliyomsubiri mgeni asiyekuja. Lakini katika nchi nyingine za joto na majira ya joto chai baridi ni kinywaji cha heshima. Kitabu cha mapishi ya Virginia, Marekani, kilichotolewa mwaka 1879 tayari kilikuwa na maelekezo yake, na umaarufu wake ulienea zaidi baada ya maonyesho makubwa ya St. Louis ya mwaka 1904. Tanzania ina majani yake yenyewe kutoka Rungwe, Mufindi, Njombe na Usambara, na sehemu ya majani hayo hulimwa na wakulima wadogo walio wanaushirika kama walivyo wakulima wa korosho. Kilichokosekana ni maarifa ya kuitengeneza chai hiyo vizuri, na zaidi ya hayo, kuitengeneza bila kumdhuru mtu.

Maji kwanza

Katika chai ya moto maji hupikwa na kunywewa papo hapo, kwa hiyo kosa la mpishi hufichwa na moto. Katika chai baridi kosa halifichwi. Kinywaji hukaa, huguswa na mikono, humiminwa katika vyombo vingi, tena mara nyingi hutiwa barafu isiyojulikana ilikotoka. Kwa sababu hiyo katibu anayetaka kuwapa wanachama chai baridi aanze na swali la maji, si swali la matunda.

Wakazi wa kata za delta, kama Salale, Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi na Msala, wanafahamu jinsi maji ya bahari yanavyopanda mtoni nyakati za bamvua, na jinsi akina mama wanavyolazimika kungojea maji yapwe ndipo wachote yasiyo na chumvi. Maji yenye chumvi kidogo tu, ambayo mpishi wa wali asingeyalalamikia, huiharibu chai. Harufu ya majani hupotea na ladha ya tunda hufa. Upande wa bara, visima vingine hutoa maji yenye madini ya chuma. Maji hayo yakikutana na majani ya chai hugeuka rangi na kuwa meusi kama wino, kwa kuwa tanini iliyomo katika majani huungana na chuma. Mpishi anaweza kuitumia hali hiyo kuwa kipimo: amimine chai kidogo katika bilauri ya maji ya kisima, na ikiwa rangi yake itakuwa ya bluu au nyeusi badala ya nyekundu, maji hayo hayafai. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza ndiyo bora kupita yote.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoingia katika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, hapakuwa na haja ya kumweleza mtu kwamba maji ya kisima na maji ya choo yanaweza kukutana. Hatari hiyo hurudi kila masika. Maji ya chai baridi lazima yatokote kabisa, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini ya sufuria, kwa dakika moja au zaidi. Maji yaliyopata moto tu hayatoshi. Wala isidhaniwe kwamba majani yakiachwa katika chupa ya maji juani mpaka rangi itoke chai imepikwa. Jua la Kibiti ni kali, lakini halifikii joto la kuua vijidudu. Huwatia uvuguvugu ambao ndio waupendao.

Neno juu ya barafu linahitaji mkazo wa pekee. Baridi haiui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo, bali huvilaza tu, na barafu ikiyeyuka huamka. Barafu inayofika Nyamisati na katika madago ya wavuvi huletwa kwa ajili ya samaki na kamba. Huvunjwa sakafuni, huchotwa kwa koleo na kulazwa katika masanduku yaliyokwisha beba samaki wa juzi. Barafu ya namna hiyo isiingie kamwe ndani ya kinywaji. Hata hivyo si lazima itupwe. Chai itiwe katika chupa au madumu safi yenye vifuniko, yafungwe barabara na kuzikwa katika barafu hiyo, kisha chombo kioshwe na kupanguswa kwa nje kabla ya kufunguliwa. Hapo barafu ya kamba imetoa baridi yake bila kutoa uchafu wake.

Ifikiriwe ni nini kingetokea kama sharti hili lingepuuzwa. Mkutano mkuu wa watu 60 hutawanyika jioni kwenda katika nyumba 60, nyingine zikiwa visiwani ambako zahanati ni safari ya maji. Ndoo moja ya kinywaji kibaya ingetosha kukipeleka kipindupindu katika vitongoji vyote vya chama kwa usiku mmoja. Soda iliyofungwa kiwandani, pamoja na bei yake, haina hatari hiyo. Chama kisichoweza kuhakikisha maji yaliyochemshwa, vyombo safi na mpishi anayenawa mikono kwa sabuni, na kiendelee kununua soda.

Kupika chai yenyewe

Chai ya maziwa ya kawaida huchemshwa pamoja na majani kwa muda mrefu, na maziwa huupunguza ukali wake. Chai ya kupoza haina maziwa, kwa hiyo majani yakichemshwa namna ile hutoa ukakasi unaokausha ulimi, na sukari haiwezi kuuondoa. Utaratibu ufaao ni huu. Lita 1 ya maji itokote, sufuria iepuliwe, vijiko vya chai 5 vya majani vilivyosawazishwa vitiwe, sawa na gramu 10 hivi, kisha sufuria ifunikwe kwa dakika 5, si zaidi. Chai ichujwe mara moja. Sukari, kiasi cha gramu 100 au pungufu, itiwe wakati chai ingali moto, kwa sababu katika chai baridi sukari hukaa chini kama mchanga na mnywaji wa mwisho ndiye huipata yote. Kama kinywaji kitatiwa barafu iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa, majani yaongezwe yafike vijiko 7, maana barafu ikiyeyuka huipunguza nguvu chai.

Apendaye aongeze kipande cha tangawizi iliyopondwa, mdalasini au shina la mchaichai. Mchaichai humea nyuma ya nyumba nyingi, na kwa nyumba isiyo na majani ya dukani unaweza kusimama peke yake, pamoja na maua makavu ya choya yanayotoa rangi nyekundu na uchachu wake.

Wapishi wengi hushtuka chai ikipoa na kuwa na ukungu, wakidhani imeharibika. Haikuharibika. Chai nzito inapopoa, kafeini na vitu vya rangi vilivyomo huungana na kuonekana kama vumbi jepesi majini. Maji ya moto kidogo yakiongezwa ukungu huondoka. Ndimu nayo huing'arisha chai na kuifanya rangi yake iwe nyepesi, jambo ambalo kila mnywaji wa chai ya ndimu amekwisha kuliona bila kuulizia sababu.

Matunda

Kanuni ya jumla ni nusu lita ya maji ya matunda kwa lita 1 ya chai, pamoja na ndimu 2. Maji ya matunda yasitiwe katika chai ya moto. Moto hupoteza harufu ya tunda na kupunguza vitamini C. Chai ipoe kwanza ndipo yachanganywe, tena karibu na saa ya kunywa. Matunda yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa kisu huuchukua uchafu wa ganda na kuupeleka ndani.

Embe bivu hupondwa na kupitishwa katika chujio, kwa maana nyuzi zake huziba koo. Embe lina utamu mwingi na uchachu mchache, hivyo bila ndimu chai yake hupooza. Ukwaju ni kinyume chake: gramu 100 zilowekwe katika nusu lita ya maji moto yaliyochemshwa, zivurugwe na kuchujwa, wala ndimu haihitajiki. Chai ya ukwaju hufaa sana wakati wa kufuturu, mdomo unapotaka kitu kichachu baada ya kutwa nzima. Chungwa likamuliwe bila kusaga mbegu wala ganda jeupe, maana humo ndimo uchungu ulimo.

Nanasi lina faida ambayo wengi huitupa pamoja na maganda. Maganda yaliyosuguliwa kwa brashi na kuoshwa vizuri yachemshwe pamoja na tangawizi kwa dakika 20, kisha maji hayohayo, yakiwa bado yanatokota, yatumike kuloweka majani ya chai. Nyama ya tunda huliwa na watoto, na chai hupata ladha ya nanasi bila kutumia nanasi lenyewe. Kwa nyumba yenye fedha kidogo hii ndiyo njia iliyo rahisi kuliko zote.

Yabaki mabibo, na hapa inafaa kusimama kwa muda. Bibo ni zito mara nyingi kuliko korosho inayoning'inia chini yake. Maana yake ni kwamba mkulima anayepeleka ghalani magunia kadhaa ya korosho ameacha shambani mzigo mkubwa zaidi wa tunda, tena tunda lenye vitamini C kuzidi chungwa. Huko Brazili maji ya mabibo yaliyosafishwa huuzwa katika chupa na kuitwa cajuína, na jimbo la Piauí hujivunia kinywaji hicho. Katika pwani ya Tanzania bibo limejulikana zaidi kama mali ya pombe, na sababu yake si ukaidi wa watu: bibo huchacha upesi mno, na ukakasi wake hulifanya lisinyweke hivihivi.

Ukakasi huo unaondoleka. Mabibo yachumwe au yaokotwe siku hiyohiyo, yasiyopasuka. Korosho zitenganishwe kwa kuzungusha taratibu, na maganda ya korosho yasipondwe wala kutobolewa karibu na tunda, kwa sababu mafuta yake huunguza ngozi na midomo. Kutenganisha vizuri kuna faida ya pili, kwani korosho yenye vipande vya bibo huoza, na wanachama wanafahamu jinsi korosho ya daraja la pili inavyopokelewa mnadani. Mabibo yaliyooshwa yachemshwe kwa dakika 5 katika maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, kisha maji hayo yamwagwe na mabibo yasuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Ndipo yakamuliwe na kuchujwa kwa kitambaa safi. Kwa kila lita ya maji ya mabibo kitiwe kikombe kidogo cha kahawa cha uji mwembamba wa mchele au wa wanga wa muhogo, yakorogwe na kuachwa yatulie. Wanga huikamata tanini na kuishusha chini. Maji yaliyo meupe juu yamiminwe polepole, yachemshwe mara moja na kupozwa. Kazi ya kutulia isizidi saa mbili au tatu kwa joto la Kibiti. Yakiachwa mpaka asubuhi, mpishi atakuta kinywaji cha namna nyingine, ambacho hakifai kupelekwa katika mkutano wa chama.

Kwa kuwa chai ina tanini yake na bibo lina yake, chai ya mabibo ipikwe nyepesi, vijiko 3 tu vya majani kwa lita.

Kupoza pasipo umeme

Chai iliyochujwa ipozwe upesi. Sufuria iliyofunikwa iwekwe ndani ya beseni la maji, na maji ya beseni yabadilishwe mara mbili. Baada ya hapo chupa zilizofungwa ziwekwe katika mtungi wa udongo wenye maji, mtungi ufungwe gunia bichi na kuwekwa penye kivuli na upepo. Maji yanayotoka katika vitundu vya udongo huchukua joto yanapokauka. Hewa ya delta ina unyevu mwingi, kwa hiyo mtungi hautatoa baridi kama ya jokofu, ila utatoa ubaridi unaopendeza, hasa kaskazi inapovuma. Kinywaji chenyewe kisimiminwe mtungini. Uchachu na sukari huingia katika vitundu hivyo na havisafishiki tena. Kadhalika maji ya ndimu, ukwaju au nanasi yasilazwe katika sufuria ya alumini, kwani huila na kuchukua ladha ya chuma. Chupa za kioo, majagi na ndoo safi za chakula hufaa.

Kilichochanganywa kinywewe siku hiyo na kisilale, isipokuwa penye jokofu linalofanya kazi, ambapo chaweza kukaa siku mbili.

Afya ya mnywaji

Chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani, kunde na maharage. Katika eneo lenye malaria, ambako mama waja wazito na watoto wadogo wengi wana upungufu wa damu, jambo hili si dogo. Wapewe maji au maji ya matunda wakati wa kula, na chai ingojee saa moja au mbili baada ya chakula. Vitamini C ya embe, chungwa na bibo husaidia kupunguza madhara hayo, lakini haiyaondoi yote. Mwenye kisukari awekewe chupa yake isiyo na sukari. Watoto wadogo hawana haja ya chai hata kidogo.

Kazi ya katibu

Fedha ya vinywaji vya mkutano ni fedha ya wanachama, na matumizi yake huanzia katika makisio yaliyoidhinishwa na mkutano mkuu. Ichukuliwe kuwa wanachama 60 watapewa bilauri moja kila mmoja, yenye mililita 250. Jumla ni lita 15. Kwa kanuni iliyotolewa juu zitahitajika lita 10 za maji, gramu 100 za majani, kilo 1 ya sukari, lita 5 za maji ya matunda na ndimu 20. Kama tunda ni embe, kilo 10 hivi zitatosha. Katibu aandike bei ya siku hiyo mbele ya kila kifungu, aongeze mkaa au kuni, ujira wa mpishi na nauli ya mashua ikiwapo, kisha agawanye kwa 60. Kiasi atakachopata akiweke kando ya bei ya soda moja iliyokwisha kufika mahali pa mkutano. Ujira wa mpishi usisahauliwe. Mara nyingi kinywaji cha nyumbani huonekana rahisi kwa sababu kazi ya mwanamke aliyekitengeneza haikuhesabiwa.

Muuza maembe hatoi risiti. Hilo halimpi katibu ruhusa ya kuandika kiasi apendacho. Hati ya malipo itengenezwe, itaje uzito, bei na jina la aliyelipwa, na aliyelipwa atie sahihi au dole gumba mbele ya shahidi. Ikiwa maembe yamenunuliwa kwa mjumbe wa bodi, bei ya soko la siku hiyo iandikwe pembeni ili wanachama waione. Shilingi za maembe ni chache, lakini ni katika shilingi hizo chache ndipo mwanachama huanza kumtilia shaka katibu wake, na shaka hiyo humfuata hadi kwenye hesabu za korosho.

Vikundi vya akina mama vikitaka kutoka katika mikutano na kuuza kinywaji hiki katika chupa zenye lebo, sharti ni jingine. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na bidhaa ya chupa haiendi sokoni bila idhini yake. Kikundi kiende kwanza kwa afisa biashara na afisa afya wa wilaya, na kwa SIDO kwa mafunzo ya usindikaji, kabla ya kununua chupa hata moja.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi cha kujisomea

1. Wanachama wa chama chenu huchota wapi maji, na yanabadilika vipi nyakati za bamvua na za masika?

2. Nani katika chama anaweza kukabidhiwa kazi ya mpishi wa mkutano, na nani atakagua kwamba maji yametokota?

3. Mabibo ya mashamba yenu huenda wapi sasa?

4. Mkutano una wanachama 84. Chai itakuwa ya ukwaju, na kila mmoja atapata mililita 250. Tafuta kiasi cha maji ya chai, majani, sukari na ukwaju, kisha tengeneza hati ya malipo kwa bei za soko la Kibiti za juma hili.